Mkangazi kwenye karatasi, msedrela kwenye kiriba: uchambuzi wa kisa kimoja cha kutambua mti

Majina ya kijiji, mto, kikundi na shirika lililotoa fedha nimeyaondoa, na mambo madogo machache nimeyageuza ili wahusika wasijulikane. Miti yenyewe sikuigeuza.

Usuli

Kijiji kiko chini ya mojawapo ya milima ya mashariki ya Tanzania, kando ya mto ambao hata kiangazi haukauki kabisa. Juu yake kumebaki kipande cha msitu wa mvua wa nyanda za chini. Wazee wanakumbuka mikangazi iliyosimama ukingoni mwa mto, minene kiasi cha mmoja kutoa mtumbwi wa watu kumi. Milango ya nyumba za zamani pale kijijini ni ya mkangazi. Kwanza walikuja wapasuaji wa shimo na msumeno wa watu wawili, baadaye ikaja chenso, kisha mashamba ya mpunga yakasogea hadi majini.

Kikundi cha wanakijiji kikapata fedha za kurudisha miti kwenye kingo. Katika mkataba, sehemu ya aina ya mti, kulikuwa na neno moja tu: "mkangazi". Hakukuwa na jina la kitaalamu, wala maelezo ya mbegu itatoka wapi. Malipo yalifuata idadi ya miche itakayohesabiwa ikiwa hai.

Mimi niliitwa mwishoni, kwa kazi ndogo. Niandike ukurasa mmoja wa maelezo ya kibotania ya mkangazi, uambatanishwe na ripoti. Siku mbili, nauli na posho. Nilidhani ni kazi ya kuandikia kwenye basi.

Kwa asiyeujua, mkangazi ni wa jamii ya Meliaceae, ambayo mwarobaini nao umo. Katika jamii hiyo yumo pia Entandrophragma excelsum wa mabonde ya Kilimanjaro, ambao mmoja wao ulipimwa ukaonekana una mita 81.5, habari zake zilipotangazwa mwaka 2016 ukahesabiwa kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika. Na yumo ndugu wa kuja: msedrela, Cedrela odorata, ambao wengine huuita mwerezi. Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini na visiwa vya Karibi. Uliletwa kwa ajili ya mbao, unakua haraka, na mbegu zake ni nyepesi, upepo unazibeba. Katika Msitu wa Hifadhi wa Kimboza, mkoani Morogoro, ulipandwa karne iliyopita ukageuka mvamizi, na sasa unabanana na miti ya asili pale pale anapoishi mjusi wa buluu asiyepatikana karibu popote pengine duniani.

Ndugu wa jamii moja hufanana. Wakiwa wachanga hufanana zaidi.

Kilichotokea

Siku ya kwanza nilifika kitaluni mchana. Dada anayekitunza aliniongoza kwenye matuta matatu ya viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, miche ya urefu wa goti, yenye afya ya kupendeza. Nikamuuliza mbegu walitoa wapi. Akasema hawakutumia mbegu. Waling'oa miche midogo msituni, chini ya mkangazi mkubwa uliobaki, wakaihamishia kwenye viriba. "Mama yao yupo, nitakupeleka kesho," akaniambia.

Nilipima majani. Kila jani lilikuwa changamano, majani madogo yamepangana mawili mawili kwenye kikonyo, kama inavyotakiwa kwa mkangazi. Nilipohesabu nikapata jozi nane, kwa mche mwingine tisa. Kitabu kinasema mkangazi una jozi mbili hadi saba. Katika daftari langu la kitaluni niliandika "jozi 8?" na alama ya kuuliza. Usiku, nikiandika nakala safi kwenye nyumba ya wageni, nikajiambia kwamba miti michanga mara nyingi huwa na majani makubwa kuliko mizee, kwa hiyo ni mambo ya umri. Nikaandika "jozi 2 hadi 7", kama kitabu. Daftari hilo bado ninalo. Alama ya kuuliza ipo ukurasa wa kulia, kwenye nakala safi haipo.

Dada wa kitalu alikuwa ameniambia jambo jingine, nikalipokea kama sifa: miche yao haikuwa imeguswa na funza. Mtu yeyote aliyewahi kuotesha mkangazi angesimama hapo. Kuna nondo, Hypsipyla robusta, ambaye funza wake hutoboa chipukizi la juu la mkangazi hadi linanyauka, na mti unatoa matawi mawili matatu badala ya shina moja. Ndiyo sababu kubwa ya watu kukata tamaa na mashamba ya mkangazi. Msedrela uliopandwa huku kwetu hausumbuliwi naye kiasi hicho. Matuta matatu bila funza hata mmoja ilikuwa habari, na mimi niliiitikia kwa kutikisa kichwa.

Asubuhi ya pili tulifuatana na mzee mmoja aliyekuwa mpasua mbao ujanani. Alikuja kwa sababu njia ya kwenda kwenye mti anaijua yeye. Tulipopita kitaluni alichuma jani bila kuuliza, akalifikicha kati ya viganja, akanusa, akaninyooshea mikono.

"Nusa, mwanangu."

Nikanusa. Kitunguu saumu, bila shaka yoyote.

"Babu, huu si mkangazi?"

"Mkangazi nimeulala juu yake miaka kumi na tisa nikivuta msumeno. Haunuki hivi. Huu ni ule wa Wazungu."

Dada wa kitalu akanyamaza. Mimi pia.

Tukapanda hadi kwenye mti mama. Hapo nilitarajia kukuta msedrela mkubwa, kosa liwe rahisi: waliukosea mti. Haikuwa hivyo. Mti mama ulikuwa mkangazi halisi, hauna hata chembe ya shaka. Gome lake la kijivu lilikuwa limebanduka kwa vigamba vya duara na kuacha vishimo, kama uso uliopona ndui. Nikalichanja kidogo kwa panga. Ndani jekundu la waridi, na nilipogusisha ulimi, chungu. Chini yake tuliokota matunda makavu yaliyopasuka kuanzia nchani, magumu kama mbao, na mbegu bapa zilizozungukwa na ubawa mwembamba pande zote.

Lakini katikati ya majani yaliyooza kulikuwa na mbegu nyingine, nyembamba, zenye ubawa upande mmoja tu, kama wembe mdogo. Hizo zilikuwa nyingi kuliko za mkangazi. Tukapanda kidogo kuelekea upande unakotoka upepo. Hatua mia moja hivi juu, ng'ambo ya mpaka wa hifadhi, kulikuwa na mistari ya misedrela iliyopandwa zamani, na chini yake vitunda vilivyofunguka pande tano kama maua ya mbao. Mzee alikiokota kimoja akanipa, nikakitia mfukoni.

Basi miche iliyokuwa chini ya mama haikuwa watoto wake. Mbegu za mkangazi huliwa sana na panya, na zikikaa hufa upesi. Za msedrela zilikuwa zikishuka na upepo kila msimu na kuota kivulini mwa mti wa watu.

Maamuzi, na sababu zake

Masika ilikuwa karibu. Mwenyekiti wa kikundi alitaka miche ipandwe hivyo hivyo. Mti ni mti, alisema, na hesabu ya miche hai ndiyo iliyo kwenye mkataba. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Ukichelewa masika unasubiri vuli, na viriba vinaendelea kumwagiliwa kwa fedha ambayo hakuna. Nilipendekeza tusimamishe upandaji kwa sababu moja tu: huo ni ukingo wa mto. Mti unaosambaza mbegu kwa upepo ukipandwa mstari mzima kando ya maji unaoelekea mashamba ya watu wengine, hakuna atakayeurudisha. Tulibishana hadi jioni. Wakakubali, nusu kwa hoja yangu na nusu kwa sababu mzee alisema hatakanyaga siku ya kupanda.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kuchambua viriba kimoja kimoja. Harufu pekee sikuiamini. Baada ya majani ishirini, vidole vyote vinanuka, kila kitu kinakuwa kitunguu saumu. Tulihitaji kipimo kisichotegemea pua. Tulipanda mbegu za mkangazi tulizozitoa wenyewe ndani ya matunda ya mti mama, na kando yake mbegu za msedrela tulizozitoa kwenye vitunda vyake, kila aina tuta lake. Tofauti ilionekana mapema kuliko nilivyotegemea. Mche wa mkangazi ulipotokeza, kotiledoni, yaani majani ya mbegu, zilibaki chini udongoni ndani ya ganda la mbegu, na majani ya kwanza yalikuwa jani moja moja zima, halijagawanyika. Msedrela ulinyanyua kotiledoni zake juu, zikafunguka, na majani ya kwanza yakaja na vipande vitatu vitatu. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuvitenganisha viriba hivyo vikiwa na wiki chache. Miche iliyokwisha kufika magotini haina tena majani hayo, kwa hiyo kwa ile tulitumia idadi ya jozi na harufu kwa pamoja, na penye shaka tuliutoa mche.

Uamuzi wa tatu, ambao wenzangu waliuona wa kupoteza muda, ulikuwa wa kuchukua vielelezo vya kukausha. Tulirusha kamba kwa manati tukavuta matawi mawili yenye majani, tukaongeza matunda na kipande cha gome, tukafanya vivyo hivyo kwa msedrela wa ng'ambo. Tuliyabana kati ya magazeti na mbao mbili kwa mikanda ya begi langu, tukayakausha juu ya jiko la mkaa usiku kucha, tukibadilisha magazeti kila saa chache kama mtu anayeuguza. Kwenye kila lebo tuliandika mahali, mwinuko, mazingira, urefu wa mti, unene wa shina kwenye mita 1.3 kutoka chini, rangi ya ndani ya gome, jina la kienyeji na nani alilitaja, tarehe na namba ya mkusanyaji. Seti moja ilikwenda kwenye hebaria, ghala la mimea mikavu, nyingine ikabaki ofisi ya kijiji kwenye bahasha ya khaki.

Na ukurasa wangu mmoja niliuchana. Maelezo mapya yalianza hivi:

*Mti mkubwa wa msitu, wa kijani karibu mwaka mzima, urefu takriban mita 35. Shina limenyooka, chini limetanuka kwa mizizi iliyosimama kama mbavu. Gome la kijivu hadi kahawia, likibanduka kwa vigamba vya duara na kuacha vishimo. Ndani ni la waridi hadi jekundu, chungu. Majani changamano, yamesongamana nchani mwa matawi. Majani madogo jozi 3 hadi 5, jani la mwisho peke yake halipo. Kila moja ni refu la duaradufu, ukingo hauna meno, halina nywele wala harufu likifikichwa. Tunda karibu duara, gumu, hupasuka kuanzia nchani kwa vipande 4 au 5. Mbegu bapa, ubawa mwembamba pande zote. Maua hayakuonekana.*

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonigharimu zaidi. Ni rahisi mno kuazima maua kwenye kitabu: madogo, meupe meupe, kwenye vishada, stameni, viungo vya kiume vya ua, zimeungana kuwa bomba. Niliyaandika, lakini chini, kwa aya yake, nikisema yametoka vitabuni. Baada ya kisa cha jozi nane sikutaka tena kuchanganya nilichokiona na nilichokisoma.

Jina gani liandikwe

Hapa palizuka ubishi wa pili, na afisa misitu. Fomu zake zote zina Khaya anthotheca kama jina la kitaalamu la mkangazi. Mimi niliandika Khaya nyasica.

Historia yake ni hii. Khaya anthotheca ni jina la 1878, na msingi wake ni mti wa Angola. Khaya nyasica lilichapishwa mwaka 1911 kwa ajili ya mkangazi wa upande wetu wa mashariki na kusini mwa Afrika, na "nyasica" inakumbusha Nyasa. Baadaye wataalamu walilinganisha majani na matunda, wakaona tofauti hazitoshi, wakayaunganisha majina yote mawili, na kwa kanuni za mimea jina la zamani ndilo linaloshinda. Ndivyo mkangazi wetu ulivyoandikwa vitabuni kwa miaka mingi. Mwaka 2022 ukachapishwa utafiti uliotumia vinasaba pamoja na maumbo, ukasema kilichokuwa kikiitwa anthotheca kwa kweli ni spishi sita, na nyasica ikarudishwa.

Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama, uliziingiza Khaya zote za Afrika kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya spishi ambazo biashara yake ya nje inahitaji kibali. Afisa alihofia kwamba kubadilisha jina kutaleta mwanya, au kinyume chake, kutamkwamisha mtu mwenye kibali. Hofu hiyo ina msingi kwa miti mingine, ila hapa hapana: kilichoorodheshwa ni jenasi nzima, yaani kundi lote la Khaya, kwa hiyo iwe anthotheca au nyasica, mbao zinazovuka mpaka zinahitaji karatasi zile zile. Tulimaliza kwa kuandika Khaya nyasica, na chini yake "kwa maana pana ya vitabu vya zamani, K. anthotheca". Mzee aliuliza kama sasa na yeye aache kusema mkangazi.

Matokeo

Vuli walipanda. Miche ilikuwa michache mno kuliko ahadi ya mkataba, kwa sababu sehemu kubwa ya viriba ilikuwa msedrela na mbegu za mti mmoja hazikutosha. Shirika lilikubali hesabu mpya baada ya kusoma maelezo na kuonyeshwa vielelezo. Nadhani picha ya majani ya kwanza, zima kwa upande mmoja na vipande vitatu kwa upande mwingine, ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Msimu uliofuata funza walikuja. Nilipotumiwa picha za chipukizi zilizonyauka, nilisikitika na kufurahi kwa pamoja, jambo ambalo sikumwandikia mwenyekiti.

Kuna sehemu ambayo haikuokolewa. Kabla sijafika, kikundi kilikuwa kimegawa miche kwa kaya ili watu waone faida mapema. Baadhi ilipandwa mashambani juu ya kijiji, karibu na mto.

Uchambuzi

Kosa la mkataba linaonekana kwa urahisi: jina moja la kienyeji bila chanzo cha mbegu. Hata hivyo jina la kienyeji halikuwa na hatia. Mzee alitumia "mkangazi" kwa usahihi kuliko mimi nilivyotumia Kilatini. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza nani anasema huu ni mkangazi, na amejuaje.

Kosa la kitalu linaeleweka. Kuchukua miche chini ya mti mama ni desturi nzuri, na kwa mbegu nzito zinazoanguka pale pale, mara nyingi hukosei. Haifai palipo na ndugu anayerusha mbegu kwa upepo. Ingetosha kuchimbua miche mitano na kutazama kama ganda la mbegu lingali limeshikamana na mizizi.

Kosa langu ni la aina nyingine, nalo nimelifikiria zaidi. Nilikuwa na ushahidi mara tatu siku ya kwanza: jozi nane, funza kutokuwepo, na harufu, maana majani niliyashika. Kila mara nilikuwa na maelezo tayari. Nilianza na jina, kisha nikawa natafuta namna ya mmea kulitii. Kazi ya maelezo ya kibotania inakwenda kinyume: unaandika unachokiona kana kwamba hujui jina, kisha unatafuta jina linalokubali maandishi hayo. Nilifundishwa hivyo mwaka wa kwanza. Basi, posho na ukurasa mmoja vilitosha kunisahaulisha.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni vielelezo, na si kwa sababu ya kisa hiki peke yake. Kama mwaka kesho mtaalamu akisema nyasica nayo igawanywe, au irudishwe ilikotoka, tawi lile kavu litabaki na namba yake, na atakayefungua jalada ataandika jina jipya kwenye kikaratasi na kukibandika kando ya langu. Maelezo bila kielelezo yangekwama kwenye jina la siku yaliyoandikwa. Kuotesha mbegu za kulinganishia kulifaa pia, ila tulichelewa. Ingekuwa kazi ya kwanza ya kitalu, na gharama yake ni viriba kumi.

Kuhusu miche iliyogawiwa kwa kaya, nilirudi mara moja kujaribu kuwashawishi wenye mashamba. Wawili waliing'oa. Mama mmoja alinikaribisha uji, akanionyesha msedrela wake, tayari umempita kimo, shina limenyooka kama mlingoti. Nilimweleza habari ya mbegu na upepo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huu nimeumwagilia mwenyewe kiangazi kizima," akasema. "Kaanzeni na ile mistari ya kule juu hifadhini. Mkiimaliza, mje na panga."